Nguvu Zinazolingana na Nguvu Zisizolingana

1. Tukumbuke kwanza

Watoto wapendwa, katika somo lililopita tulijifunza maana ya nguvu. Tulisema: nguvu ni msukumo au mvuto. Mama anayesukuma mlango anatoa nguvu. Mbuzi anayevuta kamba yake anatoa nguvu. Dunia inayovuta avoka lianguke kutoka mtini inatoa nguvu, na nguvu hiyo ya dunia tunaiita uzito. Nguvu yenyewe haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni kazi yake.

Tulijifunza pia kipimo cha nguvu. Kinaitwa nyutoni, kwa jina la Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza. Kwa hesabu nyepesi, kitu cha kilo 1 huvutwa na dunia kwa nguvu ya nyutoni 10. Basi mfuko wa maharagwe wa kilo 50 huvutwa kwa nyutoni 500.

Leo tunasonga mbele. Hapa duniani ni vigumu kupata kitu kinachopata nguvu moja peke yake. Karibu kila kitu kinavutwa upande huu na kusukumwa upande ule kwa wakati mmoja. Je, nguvu mbili zikikutana juu ya kitu kimoja, kitu hicho kitafanya nini? Ndilo swali la somo hili.

2. Wavulana na kamba

Tazameni wavulana uwanjani wanapocheza mchezo wa kuvuta kamba. Kumi wako upande wa Butembo, kumi wako upande wa Beni. Katikati ya kamba wamefunga kitambaa chekundu. Mwalimu anapiga filimbi, wote wanavuta.

Mwanzoni kitambaa hakitoki mahali pake. Je, tutasema kwamba hakuna nguvu? Hapana! Tazameni mishipa ya shingo, tazameni jasho, tazameni visigino vinavyochimba ardhi. Nguvu ni nyingi sana. Upande wa Butembo wanavuta kwa nyutoni 1,500, na upande wa Beni wanavuta vilevile kwa nyutoni 1,500. Nguvu hizo zinaelekea pande mbili zilizo kinyume, nazo zina kiasi kimoja. Kila moja inaimaliza kazi ya mwenzake. Hizo ndizo nguvu zinazolingana.

Mara mvulana mmoja wa upande wa Beni anateleza kwenye majani. Sasa upande wake wamebaki na nyutoni 1,350 tu. Fanyeni hesabu: 1,500 toa 1,350, zinabaki 150. Kitambaa kinaanza kwenda upande wa Butembo. Tazameni vizuri: nyutoni zote 1,500 zinavuta, lakini zile 150 zilizobaki ndizo zinazokiondoa kitambaa. Nyingine zote zimekwisha kulipwa na upande wa pili. Sehemu hiyo tutaiita nguvu iliyobaki. Nguvu zikilingana, nguvu iliyobaki ni sifuri. Nguvu zisipolingana, kuna kitu kinachobaki, na kitu hicho ndicho kinachofanya kazi.

3. Vitu vilivyotulia

Ingieni sasa jikoni. Chungu cha maji kimekaa juu ya mafiga matatu. Dunia inakivuta chini bila kupumzika. Kwa nini hakishuki? Kwa sababu mafiga yanakisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake. Ondoeni figa moja, usawa unavunjika, na chungu kinapinduka. Kwa hiyo kutulia si kukosa nguvu. Mara nyingi kutulia ni nguvu mbili zinazoshikana bila kushindana.

Nendeni sokoni. Mama amebeba kikapu cha viazi mgongoni, na kamba ya kikapu inapita kwenye paji la uso. Dunia inavuta kikapu chini. Kamba inakivuta juu, na mgongo unakitegemeza. Shingo ya mama inalipa sehemu ya uzito kwa kila hatua. Mtu anayesema kwamba mama huyo anatembea tu bila kufanya kazi hajui hesabu ya nguvu. Watoto, mkikutana na mama yenu njiani, mpokeeni mzigo.

Wanunuzi wa kakao huko Beni hutumia mizani ya kutundika. Ndani yake mna springi. Mfuko ukitundikwa, springi inavutika na kurefuka. Kadiri inavyorefuka, ndivyo inavyovuta juu kwa nguvu zaidi. Mfuko unashuka kidogo, unacheza-cheza, kisha unasimama. Umesimama wapi? Pale ambapo mvuto wa springi umekuwa sawasawa na uzito wa mfuko. Ikiwa mfuko una kilo 60, dunia inauvuta kwa nyutoni 600, na springi nayo inauvuta kwa nyutoni 600. Mshale wa mizani unatuonyesha usawa huo. Ndiyo sababu mnunuzi mwaminifu hasomi mshale wakati mfuko ungali unacheza, wala hauwekei mkono wala mguu. Akiutegemeza mfuko kwa goti, ameongeza nguvu ya tatu iliyofichika, na mshale utasema uongo. Kumwibia mkulima kwa goti ni wizi kama kumwibia kwa mkono.

4. Mtumbwi wa Ziwa Edward

Wavuvi wa Kyavinyonge, pwani ya Ziwa Edward, wanaijua sheria hii hata kama hawakuisoma kitabuni. Mtumbwi una uzito, lakini haushuki mpaka chini ya ziwa. Kwa nini? Kwa sababu maji yanausukuma juu.

Maji husukuma kwa kadiri gani? Kwa uzito wa maji yale yaliyotolewa mahali pake na mtumbwi. Mtumbwi pamoja na watu na nyavu ukiwa na kilo 400, utazama kidogo mpaka uondoe litri 400 za maji, kwa sababu litri 1 ya maji ina kilo 1. Hapo nguvu zimelingana, mtumbwi unaelea. Ukiongeza samaki wa kilo 100, mtumbwi unashuka tena mpaka uondoe litri 100 nyingine. Nguvu zinalingana upya.

Lakini upo mwisho wa wema huo. Mwisho wake ni ukingo wa mtumbwi. Ukingo ukifika usawa wa maji, hakuna nafasi tena ya kushuka na kutafuta usawa mpya. Wimbi dogo likiingiza maji, uzito unapita msukumo wa maji, na mtumbwi unazama pamoja na watu. Mvuvi mwenye akili huangalia ukingo mbele ya kuangalia wingi wa samaki.

5. Nguvu zisipolingana

Tumeona kwamba nguvu zisipolingana kitu hubadilika. Hubadilika namna gani? Namna nne.

Ya kwanza: kitu kilichotulia huanza kwenda. Mpira umelala kwenye nyasi, Kambale anaupiga teke, mpira unaruka.

Ya pili: kitu kinachokwenda huongeza mbio. Avoka likikatika kwenye tawi huanza polepole, lakini kila linavyozidi kushuka, ndivyo linavyozidi kwenda mbio. Ndiyo maana avoka la tawi la chini halipasuki, na la tawi la juu hupasuka.

Ya tatu: kitu kinachokwenda hupunguza mbio. Mpira unaobingirika kwenye majani marefu hupungua, kisha husimama. Majani yanausukuma nyuma. Kusuguana kwa vitu viwili vinavyogusana tunaita msuguano.

Ya nne: kitu hugeuza njia. Kipa anaupiga mpira kwa ngumi, na mpira uliokuwa ukielekea golini unakwenda pembeni.

Kila mara mnapoona moja ya mambo haya manne, tafuteni nguvu iliyobaki. Lazima ipo. Na kila mara mnapoona kitu ambacho hakibadiliki hata kidogo, jueni kwamba nguvu zake zimelingana.

6. Kosa la watu wa kale

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo hata wenye hekima wengi walilikosa kwa muda mrefu. Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 mbele ya Kristo, alifundisha kwamba kitu hakiendi pasipo kusukumwa. Aliona gari la ng'ombe likisimama ng'ombe wanaposimama. Watu wengi waliona hivyohivyo, wakasadiki.

Katika karne ya 14, Jean Buridan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Paris, aliyekuwa mtu wa Kanisa, alianza kufikiri kwa namna nyingine. Alisema kwamba jiwe lililotupwa hulichukua ndani yake lile tendo la kutupwa, nalo huendelea mpaka kitu kingine kilipinge. Kisha Galileo wa Italia, aliyezaliwa 1564 na kufa 1642, alijaribu kwa mipira iliyobingirika juu ya mbao. Aliona kwamba ubao ukiwa laini zaidi, mpira huenda mbali zaidi. Mwishoni Newton aliandika sheria yenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1687.

Sheria hiyo inasema nini? Nguvu zikilingana, kitu hakibadilishi hali yake. Kama kilikuwa kimetulia, kitabaki kimetulia. Na kama kilikuwa kinakwenda, kitaendelea kwenda, kwa mwendo uleule, njia ileile iliyonyoka.

Someni tena sehemu ya mwisho. Nguvu zinazolingana hazikisimamishi kitu kinachokwenda. Zinakiacha kama kilivyo. Gari la ng'ombe husimama kwa sababu msuguano wa njia unabaki peke yake, na si kwa sababu nguvu zimelingana. Mtu akichanganya mambo hayo mawili, kosa lake darasani litamgharimu alama chache. Kwenye mteremko linaweza kumgharimu maisha. Tutaona sasa hivi.

7. Tone la mvua

Kwanza tuchukue mfano ulio mwepesi. Kwetu mvua hainyimi. Tone la mvua linaanguka kutoka mawinguni, na dunia inalivuta. Kama dunia ingelivuta peke yake, tone lililotoka mita 1,000 juu lingefika chini likiwa na mwendo wa mita 140 kwa sekunde, yaani kupita kilometa 500 kwa saa. Mvua ingetoboa majani ya ndizi na kuua vifaranga.

Lakini hewa inalipinga tone. Tone likienda polepole, hewa inalipinga kidogo. Likienda mbio, hewa inalipinga sana. Basi mbio zinaongezeka mpaka upinzani wa hewa unakuwa sawa na uzito wa tone. Tangu hapo nguvu zimelingana. Je, tone linasimama angani? Hapana. Linaendelea kushuka kwa mwendo mmoja usiobadilika. Hata tone kubwa halipiti mita 10 kwa sekunde. Ni kwa upole huo mvua inatufikia, na hapo tunaona jinsi Muumba alivyovitengeneza viumbe kwa taratibu.

Mmeelewa? Tone linashuka, na nguvu zake zimelingana. Shikeni mfano huu, twende nao njiani.

8. Chukudu kwenye mteremko

Wote mnaijua chukudu, gari letu la mti lenye magurudumu mawili. Mafundi huichonga kwa mbao za mkalitusi, huvika magurudumu yake mpira wa gari la zamani, na huweka springi karibu na usukani. Inabeba makala, viazi, ndizi, mbao, mifuko ya saruji. Huko Goma watu wameisimamishia sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu, kwa heshima ya wale wanaolisha mji kwa jasho lao. Huku kwetu nako jamaa nyingi zinakula na kulipa masomo ya watoto kwa chukudu.

Lakini nchi yetu ni ya milima. Butembo iko juu kupita mita 1,700, na Beni, kilometa 50 na kidogo kutoka hapo, iko chini yake kwa mita 500 na zaidi. Vijiji vingi viko juu zaidi, na mazao hushuka kutoka huko. Kijana anapanda kwa kusukuma, kisha anashuka kwa kusimama juu ya gari. Tufanye hesabu ya kushuka.

Tuseme chukudu ina kilo 50, kijana ana kilo 60, na mzigo una kilo 190. Jumla ni kilo 300, yaani uzito wa nyutoni 3,000. Kwenye tambarare ardhi inaulipa uzito huo wote. Kwenye mteremko ardhi haiwezi kuulipa wote, sehemu moja inabaki na kuivuta chukudu kuelekea chini. Kama kwa kila mita 10 za njia kijana anashuka mita 1, sehemu hiyo ni moja ya kumi. Moja ya kumi ya 3,000 ni nyutoni 300.

Msuguano wa magurudumu unapinga, tuseme kwa nyutoni 100. Basi 300 toa 100, zinabaki nyutoni 200. Nguvu hazilingani, na chukudu inaongeza mbio. Ili kujua inaongeza kiasi gani, gawanyeni nguvu iliyobaki kwa kilo: 200 kwa 300, ni theluthi mbili. Kila sekunde mwendo unaongezeka kwa theluthi mbili za mita kwa sekunde. Ni kidogo, sivyo? Lakini baada ya sekunde 15 umefika mita 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa. Na kijana amekwisha shuka mita 75 tu!

Sasa anaogopa, anakanyaga breki. Breki ya chukudu ni kipande cha mpira wa gari, kinachobanwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Tuseme anabana mpaka breki inapinga kwa nyutoni 200. Hesabu: 300 zinavuta chini, 100 za magurudumu na 200 za breki zinapinga. Nguvu zimelingana. Je, chukudu inasimama?

Watoto wengi watajibu: ndiyo. Kumbukeni tone la mvua! Nguvu zimelingana, kwa hiyo mwendo haubadiliki. Chukudu inaendelea kushuka kwa kilometa 36 kwa saa, mpaka chini, mpaka penye kona, mpaka penye watu wa soko. Breki imezuia mbio zisiongezeke, lakini haikuziondoa zile zilizokwisha ingia.

Tumtazame kijana wa pili. Ana chukudu ileile, mzigo uleule, njia ileile. Yeye ameweka mguu kwenye breki tangu juu, alipokuwa akienda mwendo wa mtu anayetembea. Anabana kwa nyutoni 200 zilezile. Nguvu zimelingana, na mwendo haubadiliki: anashuka mteremko wote kama mtu anayetembea. Nguvu ni zilezile, hesabu ni ileile. Tofauti ni pahali pale walipoanza kuzilinganisha.

Na wakitaka kusimama? Ni lazima breki ipite 200. Tuseme nguvu yote ya mguu inaipa breki nyutoni 300, si zaidi. Zinabaki nyutoni 100 za kupunguza mbio. Kijana wa kwanza, aliye na mita 10 kwa sekunde, atahitaji sekunde 30, na atakwenda mita 150 mbele ya kusimama. Kijana wa pili atasimama kabla ya kumaliza mita 4. Mtoto mdogo akivuka njia ghafula, ni kijana yupi atakayemwokoa?

Liko jambo la tatu, nalo ndilo zito zaidi. Mwenye mali anasema: «Ongeza mifuko mitatu ya saruji, nitakuongezea franga.» Mfuko mmoja una kilo 50. Sasa jumla ni kilo 450. Mteremko unavuta kwa nyutoni 450, magurudumu yanapinga kwa 150, zinabaki 300. Breki yote ya mguu ni 300. Mmeona? Breki yote imekwisha katika kulinganisha tu. Haibaki hata nyutoni moja ya kusimamisha. Kijana huyo akiisha kuanza kushuka, hawezi kusimama tena mpaka tambarare. Na mvua ikinyesha, gurudumu likaloa, mpira unateleza na breki inapungua. Hapo mbio zitaongezeka hata akibana kwa nguvu zake zote.

Mzigo umeongezeka, lakini mguu wa mtu haukuongezeka. Kwa hiyo mwenye mali asimlazimishe kijana, wala kijana asiuze uhai wake kwa franga za mifuko mitatu. Uhai ni mali ya Mungu, nasi ni walinzi wake tu. Mwenye akili hugawanya mzigo na kufanya safari mbili. Kama mteremko ni mkali, hushuka garini, humwita mwenzake, na wawili hushika kamba nyuma. Kamba hiyo ni nguvu nyingine upande wa breki.

9. Udongo wa mlimani

Nyumba nyingi za Butembo zimejengwa kwenye miteremko. Udongo wa mteremko nao una hesabu yake. Uzito wake unauvuta chini, na msuguano pamoja na mizizi ya miti na majani vinaushika. Nguvu zikilingana, kilima kinakaa miaka mingi, na watu wanafikiri kitakaa milele.

Kisha watu wanakata miti yote, mizizi inaoza. Wanachimba chini ya mteremko ili kupata kiwanja. Mvua kubwa inakuja: maji yanauongezea udongo uzito, na palepale yanapunguza msuguano. Upande mmoja unaongezeka na upande wa pili unapungua. Nguvu inayobaki inauondoa udongo, nao unaporomoka na kufunika nyumba zilizo chini.

Kwa hiyo tupande miti na majani yenye mizizi mingi penye mteremko, tuchimbe mifereji ya kuongoza maji, wala tusikate mguu wa kilima. Na tukiona ufa mpya kwenye ardhi juu ya nyumba wakati wa mvua, tusingoje. Ufa ni alama kwamba usawa umeanza kuvunjika. Tuwatoe watu kwanza.

10. Jaribu mwenyewe

Chukueni ubao wa mita 1, tofali moja, rula na maji kidogo.

a) Lazeni ubao, wekeni tofali juu yake. Halitoki.

b) Inueni upande mmoja wa ubao polepole. Tofali bado limetulia, kwa kuwa msuguano unalingana na mvuto wa mteremko. Mara linateleza. Pimeni kwa rula: upande ule umeinuka sentimeta ngapi? Andikeni.

c) Pakeni matope mepesi kwenye ubao, rudieni. Pimeni tena na kuandika.

d) Futeni ubao, tandikeni kipande cha gunia na kukifunga, rudieni mara ya tatu.

Linganisheni namba tatu. Ni wapi tofali limeteleza mapema? Ni wapi limekawia? Tofali ni mzigo, matope ni njia wakati wa mvua, gunia ni mizizi ya miti.

11. Mambo ya kushika

Nguvu zikilingana, nguvu iliyobaki ni sifuri, na kitu hakibadilishi hali yake.

Kitu kilichotulia hubaki kimetulia. Kitu kinachokwenda huendelea kwa mwendo uleule.

Nguvu zisipolingana, kitu huanza kwenda, au huongeza mbio, au hupunguza mbio, au hugeuza njia.

Kulinganisha nguvu si kusimamisha. Kwenye mteremko, breki hushikwa juu, si katikati.

12. Maulizo

1. Kitabu kimelala mezani. Taja nguvu mbili zinazokigusa. Je, zinalingana?

2. Wasichana wanavuta kamba. Upande wa kulia wanavuta kwa nyutoni 1,200, upande wa kushoto kwa nyutoni 1,280. Nguvu iliyobaki ni kiasi gani, na kamba inakwenda upande gani?

3. Mtumbwi pamoja na watu wake una kilo 350. Unaondoa litri ngapi za maji?

4. Ndege inaruka kwa mwendo mmoja, njia iliyonyoka, bila kupanda wala kushuka. Je, nguvu zake zinalingana? Eleza kwa nini.

5. Chukudu pamoja na kijana na mzigo ina kilo 400. Mteremko unashuka mita 1 kwa kila mita 10. Magurudumu yanapinga kwa nyutoni 130. Breki ya mguu haipiti nyutoni 300. Je, kijana anaweza kulinganisha nguvu? Anabakiwa na nyutoni ngapi za kusimamisha? Wewe ungemshauri nini?

6. Leo jioni, msomee jibu la swali la 5 mtu wa kwenu au jirani anayeendesha chukudu. Mwulize breki yake inashikaje wakati wa mvua, na kesho utueleze darasani.